Semina ya Murera

Rachael Ngendo hakuwa mtu wa kinyaa. Waliomjua mtaani Kiuu walisema angeweza kula chapati kando ya mtaro uliofurika na asikunje uso. Kazi yake ilimtaka awe hivyo. Alikuwa mratibu wa Mwavuli wa Makao, ushirika wa makanisa, zahanati na watu wenye nyumba za kupangisha kuanzia Ruiru mpaka Thika. Hao walichoka kumpa mtu wa barabarani sahani ya githeri na kumwacha palepale, wakaamua washikane mikono wamtafutie chumba. Rachael ndiye aliyewaunganisha. Huyu ana chumba kinakaa bure, yule ni muuguzi anayeweza kutazama kidonda bila malipo, mwingine anamjua mtu wa kusaidia kitambulisho kilichopotea. Bila yeye kila mmoja angebaki na wema wake mfukoni, hajui aupeleke wapi.

Rachael alimkuta Mama Mbula kwenye veranda ya duka lililofungwa karibu na soko la Thika, mguu umefungwa kipande cha gunia. Rachael alipokifungua, funza walidondoka sakafuni, na mama mmoja aliyekuwa amesimama pale kuangalia akakimbilia ukutani kutapika. Rachael alivaa glavu, akamwosha yule bibi taratibu huku akimuuliza habari za wajukuu. Ndipo Mama Mbula akamweleza, naye Rachael baadaye akayaandika yote kwenye faili la Mwavuli. Mwanawe, aliyekuwa akimlipia chumba, alifariki. Mwenye nyumba alitoa vitu nje siku ya mvua, na bibi akakaa karibu na godoro lake lililolowa mpaka likaota ukungu, akiogopa kuliacha lisiibiwe. Alipoondoka alibeba sufuria moja isiyo na mfuniko. Hiyo sufuria ndiyo aliyokuwa ameikumbatia siku ile, na hata zahanati alikataa kuiweka chini.

Bibi akapelekwa kwenye nyumba iliyo mtaa wa Ngoingwa, Thika. Ilikuwa nyumba ya familia, yenye uwanja wa nyasi na mparachichi nyuma, ambayo mwenyewe alihamia ng'ambo kwa watoto wake na kuwaachia Mwavuli waitumie. Pale waliishi watu waliokosa kabisa pa kwenda. Kulikuwa na Dalmas, aliyefanya kazi kiwandani Thika hadi mashine ilipomla vidole vya mkono wa kulia. Kazi ikaisha, chumba kikafuata, akawa analala chini ya daraja. Kulikuwa na Nafuna, msichana wa kutoka Bungoma aliyefukuzwa na tajiri wake mimba ilipoanza kuonekana, sasa ana mtoto mchanga. Walikuwapo na wengine. Ciku, mwanamke mnene mpole, ndiye aliyewapikia na kuwaangalia.

Nyumba haikuwa ya kifahari. Magodoro yalikuwa ya kuombaomba, mengine yamebonyea katikati kama bakuli. Lakini mlango ulifungwa kwa ndani, na anayelala alijua hataamshwa kwa teke. Rachael aliionea fahari kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

Mwenyekiti wa Mwavuli alikuwa Bwana Ndung'u, mstaafu wa benki na mzee wa kanisa. Alikuwa mtu msafi. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu, na marashi yake yalitangulia kuingia chumbani kabla yake. Wakazi wa Ngoingwa aliwaita wanufaika. Hakujua jina la hata mmoja wao, ila aliwaombea vizuri sana, kwa sauti nene iliyotetemeka mahali panapostahili.

Siku moja Ndung'u alileta habari njema. Wafadhili walikuwa wanakuja kuifungua nyumba rasmi. Kutakuwa na hema, viti, chakula, watu wa kupiga picha. Zaidi ya hayo, alisema, wakazi wote wamepata nafasi katika semina ya ufugaji wa kuku huko Murera, kwa shemeji yake mwenye shamba. Watalala huko usiku mmoja, kesho yake asubuhi wataletwa kwa gari kuwahi sherehe.

"Wageni wakiuliza wanafanya nini, watasema wamejifunza kufuga," alisema. "Si hiyo ni nzuri?"

"Ni nzuri, Mwenyekiti," Rachael alijibu, na alimaanisha.

Yeye mwenyewe ndiye aliyewahimiza. Mama Mbula alipolalamika kwamba kuku amewafuga tangu utoto na hana cha kufundishwa, Rachael alimcheka, akamwambia, "Nenda, shosho, ubadilishe hewa kidogo."

Asubuhi ya sherehe alikuwa ofisini Kiuu, chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa kanisa, amevaa sketi yake ya Jumapili. Ndung'u alikuwa amemwambia aje saa sita, wengine watapanga kila kitu. Simu ikalia kwa nambari asiyoijua.

"Madam, ni Dalmas. Natumia simu ya mtu."

"Dalmas! Mmesharudi?"

"Turudi na nini? Tuko tu hapa Murera. Tumelala kwa nyumba ya kuku."

"Nyumba ya kuku? Na semina?"

"Hakuna semina. Hata kuku hakuna, madam. Ni mavi ya kuku tu." Dalmas hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetaja hali ya anga. "Hakuna chakula kimeletwa tangu jana. Halafu huyu mama, Mbula, tumbo linamwendesha vibaya. Kuna maji ya mtungi hapa alikunywa, sijui yalikuwa ya nini."

Rachael alimpigia Ndung'u. Nyuma ya sauti yake alisikia kipaza sauti kikijaribiwa, moja mbili, moja mbili.

"Rachael, usipandishe presha," Ndung'u alisema. "Ni mambo ya mipango tu. Wageni wakishaondoka, jioni tunawarudisha."

"Jioni? Mwenyekiti, si sherehe ni yao?"

"Sikiza. Hawa wageni si wa kutoka hapa. Mtu akija na suti yake halafu akutane na yule mama na mguu wake... Wewe umezoea. Sisi wengine bado. Acha tufanye kitu kinachoonekana vizuri, pesa ya kuwasaidia ipatikane. Utanishukuru."

Akakata. Rachael akampigia Ciku. Ciku alipokea, akaanza kulia.

"Madam, nimeambiwa nisiongee na mtu."

"Ongea na mimi. Kuna nini huko?"

"Wameletwa watu wa kwaya ya kanisa la Mwenyekiti. Wamevalishwa sweta mpya, zimeandikwa jina la nyumba. Kila mmoja ameonyeshwa kitanda chake. Wanaambiwa, wewe ukiulizwa sema ulikuwa unalala stendi, wewe sema ulikuwa unavuta gamu, ile gundi ya viatu. Ngai, madam, wanafanya mazoezi huku wakicheka."

Rachael alibaki ameshika simu. Kitu fulani kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, kizito, chenye ladha ya chuma. Alidhani atatapika. Alitoka nje, akainama kando ya ukuta, akasubiri, kisha akajifuta mdomo na kwenda kutafuta bodaboda.

Alibadilisha pikipiki mara moja njiani, na ile ya pili ikamfikisha Murera, ikipita kati ya ploti zilizozungushiwa waya na mashamba ya majani ya nepia. Shamba la shemeji ya Ndung'u lilikuwa mwisho wa barabara ya udongo. Harufu ilimpokea kabla hajaona paa. Ilikuwa harufu ya kuchoma, inayoingia machoni kwanza ndipo puani. Nyumba ya kuku ilikuwa ndefu, ya mabati na wavu, na mbele yake pikapu ilisimama ikiwa na magunia nusu.

Mwenye pikapu alikuwa Mwanzia, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya mbolea na kuwauzia wakulima. Simu aliyopiga Dalmas ilikuwa yake. Alikuwa bado hajaelewa.

"Mimi nilikuja kuchukua mbolea," alimwambia Rachael. "Mlango ulikuwa umefungwa na waya, kwa nje. Nikafungua nikapata watu. Watu, dada! Nilidhani ni wezi, kumbe kuna mtoto ananyonya."

"Kwa nje?"

"Waya ndio ule pale. Umekunjwa na koleo."

Rachael aliutazama ule waya. Kisha akaingia.

Kinyesi kilikuwa kimetandaa sakafuni, kikavu juu na chenye unyevu chini, hivi kwamba mguu ulivunja ganda na kuzama. Mahali pembeni walikuwa wameparua pakabaki simenti, wakatandika magunia. Hapo ndipo walipolala. Nafuna alikuwa amemfunika mtoto uso kwa kitambaa ili asivute vumbi, na mtoto alikuwa akikohoa kikohozi kidogo kikavu. Manyoya meupe yalikuwa yamemganda kila mtu kwenye nywele. Mama Mbula alikuwa ameketi juu ya chombo cha kulishia kuku kilichopinduliwa, sufuria yake mapajani, na nguo yake ilikuwa imelowa kwa nyuma. Alipomwona Rachael aligeuza uso ukutani.

"Usikaribie," alisema. "Nimejichafua."

"Shosho, mimi nimeona mengi."

"Mengine uliyaona kwa sababu nilikuruhusu. Hili sikuruhusu."

Rachael alichuchumaa mbele yake hata hivyo. Hakuona kinyaa kwa bibi. Kinyaa kilikuwapo, tena kingi, lakini kilikuwa kinaelekea kwingine. Alikiona kikienda kama maji kutafuta mteremko, mpaka kwenye lile shati lililopigwa pasi, kwenye ile sauti nene ya maombi. Na njiani kilipitia kwake pia, kwa maana yeye ndiye aliyesema, nenda ubadilishe hewa.

"Walituambia tungoje mwalimu," Nafuna alisema. "Dereva akafunga mlango, akasema ni juu ya mbwa, wasituume. Tuliita mpaka sauti zikaisha."

Rachael alitoka akamkuta Mwanzia anazungushazungusha kofia mikononi.

"Unaweza kutupeleka Ngoingwa?"

"Na hiyo mbolea?"

"Ije tu."

Mwanzia alifikiri kidogo. "Haya. Mama na mtoto wakae mbele. Wengine watashikilia magunia."

Dalmas alikuwa amesikia. Alijitazama, suruali yake, viatu vyake, ule mkono wenye vidole viwili. "Kuna bomba hapo nje, madam. Tuoge kwanza?"

"Mkioga," Rachael alisema, "watasema mmetoka semina."

Dalmas alimtazama, kisha polepole akatabasamu, akapanda juu ya magunia.

Ngoingwa walisikia kipaza sauti kabla hawajakata kona. Hema jeupe lilifunika uwanja wote. Magari makubwa yalikuwa yameegeshwa kando ya ukuta, na walinzi wa kukodi wakasimama mbele ya pikapu, lakini Rachael alimkuta Ciku getini, na Ciku akawafungulia mlango mdogo wa pembeni. Wakapita mmoja mmoja, wakasimama nyuma ya hema, penye kivuli cha mparachichi. Hakuna aliyewaona mara moja, kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama msichana aliyeshika kipaza sauti.

Alikuwa Shiko, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya Ndung'u. Rachael alimjua. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alivaa sweta mpya ya kijani, amejifunga kitambaa kikuukuu kichwani, na machozi ya kweli yalimtiririka mashavuni.

"Mwenye nyumba alitoa vitu vyangu nje," alikuwa akisema, "na mvua inanyesha. Nikakaa kando ya godoro langu mpaka likaota ukungu. Sikuwa na mtu. Nilibaki na sufuria moja tu, haina hata mfuniko..."

Wageni walishika vifua. Mmoja alijifuta jicho.

Mama Mbula alisikiliza akiwa ameegemea bega la Dalmas. Uso wake haukubadilika mara moja. Alikuwa kama mtu anayesikia jina lake likiitwa sokoni, hana hakika kama ni yeye au mwingine. Kisha akayashusha macho kwenye sufuria yake, akayainua tena.

"Huyo anasema yangu," alinong'ona.

"Ndiyo, shosho."

"Hata mwanangu atamsema?"

Shiko alikuwa amefika hapo hapo. "Mwanangu aliyekuwa ananilipia chumba, Mungu alimchukua," alisema, msichana ambaye hata miaka ya kuwa na mtoto wa kumlipia chumba hakuwa nayo, na hakuna mgeni aliyeliona hilo, na sauti yake ikakatika vizuri kabisa, na watu wakapiga makofi.

Rachael hakukumbuka baadaye alivyotembea. Alijikuta katikati ya viti, nyuma yake wakifuata wenzake, na harufu ikawatangulia. Watu waligeuka. Mama mmoja alijiziba pua na kitambaa cha mezani. Makofi yalikufa kuanzia nyuma kwenda mbele.

Ndung'u alikuwa mwepesi. Kabla Rachael hajafika, alikuwa ameshachukua kipaza sauti kutoka kwa Shiko.

"Na tazameni maajabu!" alisema, mikono ameifungua. "Wenzao wamerudi kutoka semina ya ufugaji! Moja kwa moja kutoka shambani, hawakutaka hata kuoga kwa hamu ya kuwaona! Tuwapigieni makofi watu wa bidii!"

Na wakapigiwa. Hilo ndilo lililomvunja Rachael kuliko yote. Makofi yalirudi, mazito kuliko ya kwanza, na mpiga picha akasogea, akachuchumaa, akampiga Mama Mbula picha akiwa na nguo yake iliyolowa na manyoya kichwani.

Ndung'u aliinama kwenye sikio la Rachael, bado anatabasamu. Marashi yake yalimfika puani, matamu. "Ungewaosha kwanza," alinong'ona. "Hata wewe huna haya?"

Rachael alimnyang'anya kipaza sauti.

"Habari zenu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Hawa ndio wanaoishi nyumba hii. Huyu mama ndiye mwenye hiyo hadithi mliyoambiwa. Wale wenye sweta ni kwaya. Hawa walifungiwa jana kwa nyumba ya kuku huko Murera, mlango ukafungwa na waya, ili msiwaone. Ni hayo tu."

Shiko alitazama chini. Kiongozi wa wageni, mwanamke aliyeitwa Bi. Viola, mwenye miwani myembamba na sauti laini, alisimama. Rachael alimtazama kama mtu anayezama anavyotazama ukingo.

"Asante kwa uwazi wako," Bi. Viola alisema. "Kila mradi una changamoto zake. Nafikiri hili ni jambo la ndani la uongozi wenu, mtalizungumza kwa utulivu. Sisi ratiba yetu ni fupi kidogo. Tukate utepe?"

Wakakata utepe. Kwaya ikaimba. Mgeni mmoja kijana ndiye peke yake aliyekuja kumshika Mama Mbula mkono, akabaki ameushika mpaka akaitwa kwenye picha.

Chakula kilipakuliwa. Ciku alikuwa amewapeleka wakazi ndani. Mama Mbula hakutaka kuoga mbele ya kelele zile, akalala kama alivyo kwenye kitanda chake, kilichokuwa kimetandikwa godoro jipya na shuka la maua. Rachael alibaki nje amesimama na sahani ya pilau aliyotiliwa na mtu. Ndung'u alikuja kukaa karibu naye na paja la kuku. Alilitafuna mpaka mfupa, akalamba kidole gumba, kisha cha pili. Mafuta yalimng'aa kidevuni.

"Kula, Rachael. Kasirika ukishashiba."

"Ulifunga mlango na waya."

"Dereva ndiye alifunga. Wasipotee. Hao ni watu wa kutangatanga, unawajua." Alichokonoa jino kwa kucha. "Umeona lakini? Hata umesema yote, na bado wametoa ahadi. Unajua kwa nini? Hakuna mtu anataka kujua. Wanataka kuona. Mimi nawaonyesha."

Rachael alitazama ule mchele wenye mafuta, na kipande cha nyama chenye mshipa mweupe juu yake. Aliiweka sahani chini ya kiti. Alijua Ndung'u hakusema uongo, na kwa hilo alimchukia zaidi.

Wageni walipoondoka, kabla hata hema halijashushwa, lori dogo liliingia uwanjani. Wanaume wawili wakashuka, mmoja na kalamu sikioni. Walikuwa wa duka la samani mjini, na walikuja kuchukua vitu vyao: magodoro, mashuka, mapazia. Vyote vilikuwa vya kukodi. Rachael alimuuliza Ciku magodoro ya zamani yako wapi, naye Ciku akamwonyesha kwa kidole. Yalikuwa yametupwa nyuma ya choo, kwenye maji yaliyokuwa yakivuja, yamevimba, mengine yamepasuka, na panya alikuwa ameshaanza kazi katika mojawapo.

Wanaume wakaingia chumba cha wanawake. Yule wa kalamu aliinua blanketi la Mama Mbula, akarudi nyuma ghafla akagonga mlango.

"Woi! Nini hii?"

Mama Mbula alifumbua macho. Tumbo lilikuwa limemwendesha tena, na shuka la maua lilikuwa na doa pana lililofika mpaka kwenye godoro. Hakugeuza uso ukutani safari hii. Alimtazama tu yule mtu.

"Hii sirudishi dukani," mtu wa kalamu alisema, mkono puani. "Hii mumenunua. Nampigia huyo mzee wenu sasa hivi."

Dalmas alikuwa amesimama kwenye korido. Alisikia. Rachael aliona wazo likimjia usoni, polepole. Aligeuka bila haraka, akaingia chumba cha wanaume, akapanda kitandani na viatu vyake vya Murera, akajilaza chali, kisha akajigeuza kifudifudi, akajisugua kama ng'ombe kwenye mti. Wenzake walimtazama. Mmoja alicheka kwanza, kisha akapanda chake. Upande wa pili Nafuna alimvua mtoto nepi, akamlaza katikati ya godoro jipya, akamkanda tumbo kwa upole, akisubiri.

Ndung'u alifika mbio, simu bado sikioni. Alipoingia alisimama palepale, kitambaa mdomoni. Kulikuwa na ukoko wa mbolea kwenye shuka, manyoya, mkojo wa mtoto, na harufu iliyojaa nyumba yote.

"Nyinyi ni wanyama!" alifoka nyuma ya kile kitambaa. "Mtu anawajengea jina, nyinyi mnakunya! Rachael, unaona? Unaona hawa watu? Waambie watoke! Waambie!"

Rachael alikuwa bado na sketi yake ya Jumapili, imeganda kinyesi cha kuku mpaka magotini. Alikwenda kwenye kitanda kilichokuwa bado kisafi, cha mwisho karibu na dirisha, akaketi katikati yake. Ndung'u alimtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu, kisha akageuka kutoka, na kwenye korido wakamsikia akitapika kwenye ndoo ya Ciku.

Magodoro yalibaki. Duka halikuyataka, na Ndung'u alilazimika kuyalipia. Ciku na Rachael waliyasugua kwa sabuni ya unga, wakayaanika uani, na yakakauka vizuri tu. Zahanati ilimpa Mama Mbula dawa, na kikohozi cha mtoto kikapoa baada ya muda.

Lakini Ndung'u alibaki mwenyekiti. Kwenye kikao kilichofuata walisoma barua ya pongezi kutoka kwa wafadhili, na wanachama wakasema yaliyopita si ndwele, ni kutoelewana tu, tusiaibishe kazi ya Mungu. Walikuwa wamevaa vizuri, wakinywa chai na mandazi. Rachael aliwatazama midomo ikitafuna, makombo kwenye tai, na akajua hatakaa nao tena chumba kimoja. Alisimama akaondoka. Lakini kazi hakuiacha. Muuguzi alimfuata, na wenye vyumba wawili wa Kiuu, na Mwanzia akajiunga na pikapu yake. Sasa wanakutana kwenye hoteli ya chai karibu na soko, hawana mwenyekiti wala jina. Mwenye nyumba ya Ngoingwa, baada ya kupigiwa simu na Ciku na kuelezwa yote, aliwapa wao ufunguo.

Hata hivyo Rachael hakupona kabisa. Vidonda bado aliosha bila kukunja uso, lakini ibada ikifika mahali pa ushuhuda, mtu akianza kulia kwenye kipaza sauti, ilimbidi atoke nje akavute hewa.

Mama Mbula naye aliacha kusimulia. Siku moja akina mama wa kanisa jirani walileta unga na sukari, wakaketi kitandani kwake, wakamwomba kwa upole awaeleze alifikaje hapa.

"Muulizeni yule msichana wa kwaya," aliwaambia. "Yeye alishaimaliza. Mimi sina iliyobaki."

Rachael, aliyekuwa mlangoni, alicheka kwa sauti. Kisha akanyamaza, kwa sababu bibi hakuwa anacheka.